Jinsi Maji Safi Yalivyokaribia Kunipofusha

Wenzangu wa bweni letu wamezoea kuniona kila asubuhi, kabla ya kengele ya chai kulia, nimesimama karibu na bomba huku mikono yangu nimeiinua juu kama mtu aliyekamatwa na askari. Wengine hucheka, na wengine wamenipa jina la Daktari. Wageni wa kidato cha kwanza hudhani kwamba hiyo ni namna yangu ya kusali. Basi Mhariri wa gazeti letu aliponiomba niandike neno katika upande huu wa Kiswahili, niliona afadhali niandike habari ya mikono hiyo, ili anayecheka ajue anachekea nini, na yule avaaye lenzi machoni, au atakayezivaa baadaye, asipite njia niliyopita mimi.

Kwanza nitaeleza jinsi nilivyozipata lenzi zenyewe. Kwetu ni milimani, katika mitelemko ya Mlima Elgon, mahali watu wanapolima kahawa na migomba. Tangu utoto wangu macho yalikuwa yakiniwasha sana, hasa wakati wa kiangazi vumbi linapotimka, nami nilikuwa nikiyasugua kwa ngumi mpaka yanakuwa mekundu kama pilipili. Mama alinikataza mara nyingi, lakini mkono wa mtoto hauna masikio. Nilipoingia kidato cha kwanza nilianza kuona maandishi ya ubaoni yana mikia. Herufi moja ikawa mbili, na taa ya bwalo ikawa na miale mirefu kama jua linalochomoza. Nikahamia dawati la mbele. Nikapewa miwani, na baada ya miezi michache haikunifaa tena. Nikapewa nyingine, nayo haikunifaa. Mwalimu mmoja alidhani kwamba ni uvivu tu, maana nilikuwa nikinakili 8 mahali pa 3, akaniadhibu mbele ya darasa. Sikumlaumu, kwa kuwa hata mimi sikujua nina nini.

Mwisho wa kidato cha pili Baba alinipeleka Kampala kwa mpima macho. Tulipanda basi alfajiri, tukauvuka mto Nile pale Jinja, tukafika mchana. Mpima macho aliniweka kidevu juu ya chombo, akatazama kwa muda mrefu, kisha akamwonyesha Baba picha ya jicho langu yenye rangi nyingi kama ramani ya dunia. Akasema, "Mzee, kijana huyu si mvivu, wala hana mtoto wa jicho. Umbo la konea yake limeharibika."

Konea, msomaji wangu, ni ule utando mwangavu ulio mbele ya jicho, kama kioo cha saa ya mkononi. Unene wake katikati ni kama nusu milimita tu. Katika ugonjwa wangu, uitwao keratokonasi, konea hupungua unene na kuchongoka mbele kama ncha ya yai. Ugonjwa huu huanza mara nyingi katika ujana, na kuyasugua macho huuzidisha. Miwani haiwezi kuunyosha mwanga uliokwisha kupindwa na konea kama hiyo, lakini lenzi ndogo ngumu ikikaa juu ya jicho, machozi hujaa chini yake na kuyasawazisha mabonde, na mbele pakawa laini tena. Ndiyo maana nilihitaji lenzi. Mtu aweza kuzivaa kwa kutopenda miwani usoni, na hilo ni shauri lake, lakini kwangu mimi zilikuwa ndiyo njia ya kuuona ubao.

Bei ilipotajwa Baba alinyamaza. Tulirudi nyumbani mikono mitupu. Wiki iliyofuata aliuza mtamba, yule aliyekuwa akimtunza kwa ajili ya maziwa ya wadogo zangu, nasi tukaenda tena Kampala.

Sitaisahau siku ile nilipovalishwa. Kwanza macho yalitoka machozi na nikahisi kama nimeingiwa na mchanga. Kisha nikatoka nje, nikainua uso. Lo! Mti uliokuwa mbele ya nyumba ile ulikuwa na majani, jani moja moja, wala si wingu la kijani kama nilivyozoea. Nilisoma namba za magari yapitayo, nikazisoma kwa sauti, mpaka watu wakageuka kunitazama. Baba alicheka, akasema, "Mwanangu, mtamba wangu ameingia machoni mwako. Usimwache apotee."

Kabla hatujaondoka, mpima macho alinikalisha karibu saa nzima akanifundisha. Alinieleza kwamba vitu hivi si vigeni sana duniani. Mwaka 1888 daktari mmoja aitwaye Adolf Fick alieleza habari ya lenzi za vioo zilizofunika mpaka weupe wa jicho, nazo hazikuvumilika ila kwa saa chache. Mwaka 1948 Kevin Tuohy wa Marekani alitengeneza lenzi ndogo ya plastiki iliyofunika konea tu. Na mwishoni mwa mwaka 1961, katika nchi iliyoitwa Chekoslovakia, mtaalamu Otto Wichterle alitengeneza lenzi laini nyumbani kwake kwa mashine aliyoiunda kwa vipande vya mchezo wa watoto na dainamo ya baiskeli. Nilifurahi sana kusikia habari ya dainamo ile, nikasahau kusikiliza vizuri yaliyofuata. Na yaliyofuata ndiyo yaliyokuwa na maana kuliko yote.

Alisema hivi: "Konea haina mishipa ya damu. Hewa inayoitumia huipata kwa kupitia machozi. Ukivaa lenzi umeifunga dirisha moja, na ukilala nayo umeifunga na mlango, kwa kuwa kope nazo zimefunikwa. Jicho lililokosa hewa huwa dhaifu, na mdudu mdogo akiwa chini ya lenzi hupata nafasi. Kwa hiyo nawa mikono kwa sabuni, uikaushe kwa kitambaa safi, ndipo uiguse lenzi. Ioshe kwa dawa yake. Usilale nayo. Na maji, kijana, maji yoyote, yasiiguse kamwe."

Niliitikia, "Ndiyo, Daktari." Maneno yote niliyashika isipokuwa lile la mwisho, ambalo lilinishangaza kidogo. Maji yana kosa gani? Tangu kuzaliwa nimefundishwa kwamba maji ndiyo usafi wenyewe. Mtoto akichafuka huogeshwa kwa maji, kidonda huoshwa kwa maji, na mtu akiingiwa na vumbi jichoni huambiwa, "Nenda ukanawe." Nikadhani Daktari anazungumza habari ya maji ya dimbwi.

Muhula wa kwanza wa kidato cha tatu nilizitunza lenzi zangu kama yai. Nilikuwa na kikasha chenye vikombe viwili, kimoja cha jicho la kulia na kimoja cha jicho la kushoto, na chupa ya dawa. Maksi zangu zilipanda, na mwalimu yule aliyeniadhibu alinipa mkono mbele ya darasa lile lile. Lakini wenzangu walikuwa wakinizunguka kila usiku nilipozivua, wakisema, "Njooni mwone mtu anayeng'oa macho!" Nilikuwa nikiona haya. Nikaanza kuzivua kitandani, gizani, chini ya shuka, bila kunawa vizuri, ili mtu asinione. Haya ikawa mwalimu wangu wa pili, naye alinifundisha mabaya.

Mambo yaliharibika katika muhula wa pili wa kidato cha nne, wiki tatu kabla ya mitihani ya majaribio. Dawa yangu ilikwisha. Duka la dawa la mji ulio karibu na shule halikuwa nayo, ikabidi iagizwe Kampala. Ningeweza kumwomba Metroni ampigie simu Baba. Lakini nilijua kwamba mwaka ule mvua iliharibu maua ya mibuni, na kahawa ilikuwa kidogo. Nilijua pia kwamba wadogo zangu walikuwa wakinywa chai ya rangi tangu mtamba alipouzwa. Nikasema moyoni, "Sitamsumbua Baba kwa ajili ya chupa ya maji." Ndivyo nilivyoiita, chupa ya maji.

Nyuma ya bweni letu kuna tangi la maji ya mvua. Maji yake ni mangavu, baridi, na matamu kuliko ya bomba. Tulikuwa tukiyanywa sote na hakuna aliyeugua. Basi kila usiku nilijaza kikasha changu kwa maji yale, nikazitia lenzi, nikafunika. Asubuhi nilizisuuza kwa maji yale yale, nikazivaa. Siku ya kwanza hapakuwa na neno. Siku ya pili hapakuwa na neno. Wiki nzima ikapita salama, nami nikajiona mwerevu, nikadhani kwamba watu wa Kampala huuza dawa ili wapate fedha tu.

Siku ya tisa, usiku, nilikuwa nikisoma Kemia kwa tochi. Usingizi ukanichukua kitabu kikiwa kifuani, na lenzi zikiwa machoni.

Niliamka alfajiri jicho la kushoto likiniuma kana kwamba kuna mwiba ndani yake. Nilizivua lenzi zote mbili kwa shida. Nilipotazama dirishani mwanga ulinichoma, machozi yakabubujika. Nikajifariji kwamba ni uchovu. Mwenzangu alaliaye kitanda cha juu aliniuliza, nikamjibu kwamba mdudu ameniingia. Huo ulikuwa uongo wa kwanza. Darasani nilifunga jicho kwa leso, na mwalimu aliponiuliza nilirudia uongo ule ule.

Hapo kila mtu akawa mganga. Mmoja alisema ninawe kwa maji ya chumvi. Wa pili alisema kwao hukamua majani fulani, au maziwa ya mama anyonyeshaye. Wa tatu alinipa chupa ndogo ya matone aliyopewa ndugu yake mwaka uliopita, nusu imebaki. Wote walinipenda, na wote wangeweza kunipofusha. Baadaye niliambiwa kwamba baadhi ya matone ya macho yana dawa ya kupunguza wekundu na uvimbe, ambayo hulifanya jicho lionekane limepona hali wadudu wanazidi kula ndani. Namshukuru Mungu kwamba jioni ile nilishindwa kabisa kulifumbua jicho, hata tone lisingeweza kuingia.

Usiku Metroni alipita kuhesabu watu. Akaniona nimejikunyata nimefunika uso. Akasema, "Mwanangu, ondoa leso." Akanimulika, nikapiga kelele. Katikati ya wekundu ule, juu ya konea, aliona kidoa cheupe, kama punje ndogo ya mchele. Hakusema mengi. Alinivalisha sweta lake, akamwamsha dereva wa shule, nasi tukaenda hospitali usiku ule ule. Njiani aliniuliza, "Ni mdudu kweli?" Nikasema, "Ndiyo, Mama." Huo ulikuwa uongo wa mwisho.

Hospitalini daktari wa macho alikuwa mwanamke wa makamo, mpole wa sauti. Alinitia tone la kufisha ganzi, akakwaruza kidogo pale penye kidoa ili wadudu wapimwe. Kisha akauliza, "Kikasha cha lenzi kiko wapi?" Metroni alikuwa amekuja nacho mfukoni. Daktari akakifungua, akanusa, akaninyoshea. "Humu mna dawa gani?" Nikanyamaza. Akasema, "Sikuulizi ili nikugombeze. Nataka kujua ninapigana na nani. Ukinidanganya nitapiga mahali sipo." Ndipo nikasema yote: tangi, siku tisa, tochi na usingizi. Metroni alikuwa amesimama karibu, akaugeuza uso wake ukutani.

Daktari alinieleza niliyopaswa kuyasikiliza siku ile ya dainamo. Maji tunayoyanywa si lazima yawe hayana kitu kabisa. Tumbo lina nguvu ya kuwaua wadudu wengi, na ngozi ni ngome, lakini konea chini ya lenzi haina ngome hiyo. Katika maji, hata maangavu, ya tangi, ya bomba, ya kisima au ya bwawa la kuogelea, huweza kuishi bakteria aitwaye Pseudomonas, ambaye akiingia kwenye konea huweza kuiharibu kwa siku moja au mbili tu. Huweza kuishi pia mdudu mwingine aitwaye Acanthamoeba, ambaye hujifunika gamba gumu, na kumtibu huchukua miezi mingi. Wadudu hao hujishika kwenye lenzi na kwenye kuta za kikasha, hufanya utelezi kama ule wa mawe ya mtoni, na humo hujificha. Hata kuyachemsha maji hakutoshi kuyafanya dawa ya lenzi, maana yakipoa hayana uwezo wa kumwua mdudu aingiaye baadaye kwa kidole au kwa kikasha. Dawa ya lenzi ina kazi hiyo ya kuua usiku kucha. Haikuwa chupa ya maji hata kidogo.

Matibabu yalikuwa matone kila saa, mchana na usiku, kwa siku mbili za kwanza. Kila saa, msomaji. Saa nane za usiku, saa tisa, saa kumi. Muuguzi alikuwa akija, na alipozidiwa na wagonjwa Metroni alitia mwenyewe, kwa kuwa alikataa kurudi shuleni. Nilijifunza kwamba usiku una saa nyingi sana.

Siku ya pili Baba alifika. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani. Aliketi kwenye ukingo wa kitanda, akanitazama, nami nilimwona kwa jicho la kulia tu, lisilo na lenzi, kama mtu aliye nyuma ya mvua. Nilianza kulia, nikamweleza kwamba sikutaka kumwomba fedha. Alinyamaza kwa muda mrefu kuliko siku ile ya bei. Kisha akasema, "Chupa ile ni debe la kahawa. Ungeniambia, ningeuza debe. Sasa niambie, jicho nitauza shamba gani nilinunue?" Hakusema neno jingine la ukali, wala hakulirudia hilo hata leo. Lakini mimi hulisikia kila ninapofungua kikasha.

Nilikaa hospitalini wiki moja na nusu. Daktari alisema kwamba nilibahatika, maana kidonda hakikuwa katikati kabisa ya mboni, na Metroni alinileta kabla hakijatoboa. Kilipopona kiliacha kovu. Kwa jicho la kushoto sasa naona kama mtu atazamaye kupitia ukungu wa asubuhi: watu nawajua, herufi kubwa nazisoma, herufi ndogo sizioni. Mitihani ya majaribio ilinipita. Miezi mitatu sikuruhusiwa kuvaa lenzi upande ule, nikasoma kwa jicho moja, mwenzangu wa kitanda cha juu akinisomea daftari kwa sauti. Mtihani wa mwisho wa mwaka niliufanya, nikapita, na ndiyo maana niko hapa katika kidato cha tano nikiwaandikia.

Sasa nitaeleza nifanyavyo kila siku, maana habari ya mwenzako bila mafunzo ni hadithi ya kupitisha jioni tu.

Asubuhi nanawa mikono kwa sabuni, nasuuza, kisha naikausha kabisa kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, ambacho ni changu peke yangu. Hii ndiyo mikono mnayoiona juu: sitaki iguse kitu kabla sijaishika lenzi, wala sitaki tone la maji ya bomba libaki kidoleni. Naanza na lenzi ya kulia siku zote, ili nisizichanganye. Naitazama kama ina ufa au uchafu. Usiku naizivua, nazisugua taratibu kiganjani kwa dawa hata kama chupa imeandikwa kwamba si lazima kusugua, nazisuuza kwa dawa, kisha nazitia katika dawa mpya. Ile ya jana naimwaga yote, kwa kuwa kuongeza mpya juu ya kuukuu ni kumtilia mgonjwa chakula cha jana. Kikasha nakisuuza kwa dawa, nakipangusa, nakiacha wazi kimeinamishwa kikauke. Kila miezi mitatu nakitupa, nanunua kingine. Siku niliyofungua chupa naiandika juu yake, ili nisiitumie baada ya muda wake kwisha.

Sitii lenzi mdomoni kuilowesha, maana mate yana wadudu wake. Sioshi uso wala sikogi nikiwa nazo, wala sitaogelea nazo. Simwazimi mtu, wala siazimi. Naepuka kusugua macho, na yakiwasha natumia dawa niliyopewa na daktari. Kulala nazo, hata kwa usingizi wa mchana, sithubutu: wataalamu wa afya wa Marekani wanasema kwamba alalaye na lenzi hujiongezea hatari ya kuambukizwa mara 6 hadi 8. Ikiwa dawa imekwisha, sivai. Ni afadhali siku tatu za kutoona ubao kuliko maisha ya kutoona kabisa.

Tena nina neno kwa dada zetu, na kwa kaka pia, wanaovutiwa na lenzi za rangi zinazouzwa mijini kwa urembo, pamoja na kucha na nywele za bandia. Hizo nazo ni lenzi. Jicho halijui kwamba umeivaa kwa arusi ya siku moja. Zikiwa hazikupimwa kwa ajili ya jicho lako, na zikapitishwa kutoka kwa rafiki hadi rafiki, zaweza kukuletea kidonda kama changu.

Na dalili ni hizi: jicho likiwa jekundu, likiuma, likiogopa mwanga, likitoa usaha, au ukiona ukungu usiokuwapo jana, vua lenzi mara moja uende kwa mganga wa macho siku hiyo hiyo. Usingoje kesho. Chukua lenzi na kikasha chako umwonyeshe. Na useme kweli.

Hilo la mwisho ndilo lililo gumu kuliko yote. Sabuni hapa shuleni iko, kitambaa kiko, na sheria zote zingeenea katika ukurasa mmoja wa daftari. Mimi sikukosa maarifa, niliyapewa saa nzima. Kilichonipofusha nusu ni haya: haya ya kuchekwa bwenini, haya ya kumwomba Baba, haya ya kusema kweli kwa Metroni. Mficha uchi hazai, walisema wazee, nami nimeyaona kwa jicho langu moja na nusu.

Siku hizi Metroni ana chupa moja ya akiba katika kabati lake, imeandikwa jina langu. Baba huniletea nyingine kila mwanzo wa muhula, nayo huiweka ndani ya mfuko wa kahawa ili isivunjike njiani, hata vitu vyangu vyote hunukia kahawa. Mwaka huu kuna msichana wa kidato cha pili aliyevalishwa lenzi kama zangu. Wiki iliyopita alinifuata karibu na bomba, akaniuliza kwa sauti ndogo kama ni lazima kuinua mikono hivyo mbele ya watu.

Nikamjibu, "Inua, dada. Wacha wacheke." Akainua. Nasi tukasimama pale wawili, mikono juu, tukingoja ikauke.